Mstari Chini ya Mtu wa Kumi na Mbili

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba yao iligeuka darasa. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alikunja mashuka mpaka alasiri. Dada alisimama mezani akipiga pasi koti lake jeupe la maabara. Na Chiriku, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikaa juu ya kigoda, kikombe cha chai mkono mmoja, daftari la maswali mkono wa pili, akijifanya mwalimu mkali.

"Swali la kumi na nne," alisema. "Umeletewa kichupa cha damu, hakina jina la mgonjwa. Utafanya nini?"

"Sitakipima. Nitakirudisha kilikotoka na kuandika sababu."

"Sahihi. Lakini usijisifu. Swali la kumi na tano!"

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Watu wote, hata walimu, walimwita Chiriku, maana tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba mdomo wake haukupumzika. Habari ikiingia sikioni kwake asubuhi, mchana ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima, tena imeongezwa chumvi.

Dada alikuwa amemaliza chuo cha maabara miaka miwili iliyopita. Tangu hapo alijitolea kwenye zahanati, akifanya kazi kama wenzake wote, ila hakuwa na ajira. Sasa serikali ilikuwa imetangaza nafasi. Waombaji wangefanya mtihani wa kuandika kwanza, kisha wachache wangeitwa kwenye usaili wa ana kwa ana. Dada aliomba kazi ya maabara ya hospitali. Rafiki yake wa chuoni, msichana mmoja waliyemwita Mrefu, naye aliomba, na wote wawili walifanya mtihani siku moja, katika ukumbi mmoja, karatasi ileile.

Wiki tatu baadaye, simu ya Dada ililia wakiwa mezani kwa chakula cha jioni. Alisoma ujumbe, akausoma tena, akampa Mama.

"Alama sabini na moja," Mama alisoma polepole. "Umevuka alama ya kufaulu, ambayo ni hamsini."

Mama alimkumbatia mwanawe mpaka kikombe kikapinduka. Chiriku aliruka juu, akapiga kelele za furaha.

"Jamani, taratibu," Dada alisema, huku naye akicheka. "Kufaulu ni jambo moja, kuitwa ni jingine. Tungoje orodha."

Lakini Chiriku alikuwa ameshafika mlangoni. Alimwambia jirani wa kushoto na wa kulia. Alimwambia muuza duka. Kesho yake shuleni aliwaambia wenzake kwamba dada yake amepata kazi hospitali kuu, na kwamba kuanzia sasa mtu akitaka kupimwa damu apitie kwake kwanza.

Jioni Mrefu alikuja kuwatembelea. Alikuwa binti wa mwanamke fundi cherehani wa mtaa ule, msichana mpole, ambaye kila mlango aliupita kwa kuinama.

"Mwenzangu umenipita," alimwambia Dada. "Mimi nimepata sitini na nane."

"Hongera na wewe. Tumefaulu wote."

Chiriku aliyasikia hayo, akayaweka kichwani.

Orodha ya walioitwa kwenye usaili ilibandikwa Ijumaa, kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya ajira. Dada alimchukua Chiriku baada ya shule wakaenda pamoja. Watu walikuwa wamejazana mbele ya ubao, kila mtu akitembeza kidole juu ya namba za mtihani. Wengine walirudi wakicheka na simu sikioni. Wengine walirudi kimya.

Dada alitafuta namba yake kutoka juu mpaka chini. Akarudia kutoka chini mpaka juu. Chini kabisa ya karatasi yalikuwapo maneno mafupi: *Alama ya mchujo: 74.*

"Haipo," alisema.

"Umeruka, Dada. Angalia tena."

"Haipo, Chiriku. Twende nyumbani."

Wakati Dada akijifuta macho pembeni, Chiriku alijipenyeza tena katikati ya watu. Ubaoni kulikuwa na karatasi nyingi. Hakusoma vichwa vya habari vilivyoandikwa juu yake; alitafuta namba tu. Ghafla macho yalimtoka pima. Namba ya Mrefu aliijua, kwa kuwa ilifuata ya Dada, na ilikuwapo pale, imechapwa kwa wino mweusi.

Mwenye sitini na nane ameitwa. Mwenye sabini na moja ameachwa. Chiriku alihisi uso wake unawaka moto.

Nyumbani Dada alijifungia chumbani. Aliposikia kwamba Mrefu ameitwa, alisema tu, "Sijui mstari wao wanaupangaje. Niacheni nipumzike." Mama alimwacha. Naye Chiriku, ambaye hakuweza kukaa na jambo moyoni hata kwa nusu saa, alitoka.

Alikwenda kwa msusi, mahali ambapo siku zote palikuwa na wanawake wanne au watano wakisubiri zamu.

"Mbona umenuna leo?" msusi alimuuliza, kitana mdomoni.

"Dada amenyimwa haki yake," Chiriku alisema, na machozi yakamlengalenga. "Amepata sabini na moja, hakuitwa. Mrefu amepata sitini na nane, ameitwa! Mtihani huohuo!"

Mikono ya msusi ilisimama. "Haiwezekani."

"Nimeona kwa macho yangu. Amepitia mlango wa nyuma. Yupo mtu amempenyeza."

Hilo la mwisho hakuliona kwa macho yake. Lilimtoka tu, na lilipotoka likamtuliza kidogo, maana sasa hasira yake ilikuwa na mtu wa kumwangukia. Wanawake walitazamana. Mmoja akasema, "Ndiyo maana fundi siku hizi anacheka sana." Mwingine akasema, "Mambo haya yanaua nchi." Chiriku alirudi nyumbani akijiona ametetea ndugu yake.

Kufikia Jumatatu maneno yalikuwa yamekua. Sasa ilisemwa kwamba fundi alimshonea nguo mke wa mkubwa fulani. Ilisemwa kwamba Mrefu hakuingia hata chumba cha mtihani. Mzazi mmoja alikwenda kuchukua vitambaa vya sare za watoto wake kabla havijakatwa, akasema ameghairi. Wa pili naye vilevile.

Jioni ile Chiriku alipita mbele ya kibanda cha fundi. Cherehani ilikuwa kimya. Mama Fundi, kama watoto walivyomwita, alikaa ameinamisha kichwa, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mrefu alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Wamesimamisha usaili wangu," alikuwa akimwambia mama yake. "Kuna mtu amepiga namba ya malalamiko. Wanasema sitaingia mpaka walichunguze lalamiko hilo. Na usaili ni Alhamisi, Mama. Alhamisi hii."

"Tumemkosea nani?" Mama Fundi aliuliza. Hakumuuliza Mrefu, wala hakumuuliza mtu yeyote.

Chiriku aliharakisha hatua. Hakuwa amepiga simu popote. Lakini alijua maneno yale yalianzia wapi. Chakula cha jioni alikisukuma kando, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakusema kitu mezani.

"Chiriku anaumwa," Mama alisema, akimgusa paji la uso.

"Siumwi." Akaangua kilio. "Ni mimi. Ni mimi niliyesema kwa msusi kwamba Mrefu ameiba."

Alieleza yote. Mama alikaa kitako. Dada, ambaye kwa siku tatu alikuwa hajatoka chumbani ila kwa shida, alivuta kiti akakaa karibu na mdogo wake.

"Mimi na Mrefu hatukuomba kazi moja," alisema. "Yeye aliomba maabara ya maji. Hukusoma kichwa cha karatasi?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Na mimi nina kosa," Dada alisema. "Uliponiambia, ningekueleza palepale. Nilikuwa na uchungu, na kusema kweli hata mimi sikuelewa ile sabini na nne imetoka wapi. Kesho hakuna kwenda shule asubuhi. Tutakwenda ofisini, na yale uliyosema kwa msusi utayasema huko."

Ofisi ya ajira ilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya chuma na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Afisa aliyewapokea alikuwa mzee kidogo, mwenye miwani iliyoshikiliwa upande mmoja kwa gundi ya karatasi.

"Shikamoo," Chiriku alisema kwa sauti iliyokaribia kupotea.

"Marahaba, mwanangu. Kaeni. Nani ana shida?"

Dada alimgusa Chiriku begani. Chiriku alisema yote, kuanzia ubaoni mpaka kwa msusi, huku akitazama viatu vyake. Afisa hakumkatiza. Chiriku alipomaliza, Afisa alivuta droo ya kabati, akatoa karatasi mbili zenye safu za namba, akaweka na rula na kalamu mbele yake.

"Unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Hii ni orodha ya waliofanya mtihani wa maabara ya hospitali. Hakuna majina, namba za mtihani tu. Nimewapanga kuanzia mwenye alama nyingi mpaka mwenye chache. Walikuwa mia tatu na arobaini. Hospitali ilikuwa na nafasi ngapi? Soma pale juu."

"Nne."

"Tangazo lilisema kila nafasi moja tunaita watu watatu kwenye usaili. Basi tunaita wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Hesabu kumi na wawili kutoka juu, upige mstari chini ya wa mwisho."

Chiriku alihesabu kwa kidole. Wa kwanza alikuwa na themanini na tisa. Wa kumi na mbili alikuwa na sabini na nne. Aliweka rula, akapiga mstari ulionyooka.

"Na mtu wa kumi na tatu angekuwa naye na sabini na nne?" aliuliza. Udadisi ulikuwa umeanza kumrudia.

"Swali zuri. Angeingia na yeye, maana hatuwezi kuwatenganisha waliolingana. Sasa niambie, hiyo sabini na nne nani ameichagua?"

Chiriku alitazama karatasi. "Hakuna. Ndiyo aliyonayo mtu wa mwisho juu ya mstari."

"Hiyo ndiyo alama ya mchujo. Hatukuikalia kikao. Hamsini ya kufaulu tuliipanga kabla ya mtihani, na kila aliyeivuka amefaulu. Lakini hapa waliofaulu walikuwa zaidi ya mia mbili, na viti ni vinne. Mchujo haumwambii mtu kwamba hajui kazi. Unamwambia kwamba safari hii, mbele yake walikuwapo watu wa kutosha kujaza nafasi."

Chiriku alishusha macho. Chini ya mstari wake, hatua saba, ilikuwapo namba ya Dada na ile sabini na moja. Mstari ulioiacha nje ulikuwa wa mkono wake mwenyewe.

"Sasa chukua ya pili," Afisa alisema kwa upole. "Maabara ya maji. Walioomba ni sitini na mmoja tu, kwa sababu kazi ile ni ya kusafiri vijijini na wengi waliikimbia. Nafasi ni nane."

"Wanaitwa ishirini na wanne." Chiriku alihesabu. Mtu wa ishirini na nne alikuwa na sitini na sita. Alipopiga mstari, namba ya Mrefu ilibaki juu yake, safu mbili kutoka chini. Hakuna aliyempenyeza. Alikuwa ameshindana na watu wengine, kwa nafasi nyingine.

"Mzee," Chiriku alisema, "naomba Mrefu aruhusiwe kuingia Alhamisi."

"Nitalimaliza lalamiko leo. Lakini lazima nipate maelezo ya mtu aliyeanzisha habari ile." Akamsogezea karatasi nyeupe. "Andika. Uliloliona, na usiloliona."

Chiriku aliandika mistari sita. Mstari uliomchukua muda mrefu kuliko yote ulikuwa wa mwisho: *Sikuona mtu yeyote akimsaidia Mrefu. Nilisema tu.*

Kabla ya kuondoka, Dada aliuliza kama anaweza kujua alipoangukia. Afisa alifungua faili. Katika maswali ya maabara alikuwa amepata karibu yote. Katika kanuni za utumishi wa umma alikuwa amepata tisa kati ya thelathini na tano.

Dada alicheka kwa aibu. "Sehemu ile sikuisoma. Ilikuwa inanichosha."

"Ndiyo iliyokuweka chini ya mstari, binti yangu. Mtihani mwingine utakuja."

Kutoka ofisini walikwenda moja kwa moja kibandani kwa fundi. Chiriku alisimama mbele ya cherehani, akasema kosa lake bila kulizungusha. Mama Fundi alisikiliza na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kipande cha sifongo.

"Siku tatu," alisema, "nimekuwa nikijiuliza nimemfanyia nani ubaya. Hata salamu watu walinijibu nusu."

"Nisamehe, Mama Fundi."

"Nimekusikia. Lakini mimi sikuambiwa yale maneno. Waliambiwa wengine. Nenda kwao ukawaambie haya unayoniambia mimi."

Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya kuandika. Kwa msusi palikuwa pamejaa. Chiriku alisema kwa sauti ya kusikika, "Nilidanganya kuhusu Mrefu," na kisha akaeleza habari ya mistari miwili. Mwanamke mmoja alicheka, mwingine akamwita mbea. Msusi peke yake alisema, "Na sisi tuliomeza tukaenda kuwatapikia wengine, je?" Baada ya hapo Chiriku alikwenda kwa muuza duka, kwa majirani, kwa wazazi waliochukua vitambaa vyao. Mmoja alivirudisha siku hiyohiyo. Mwingine hakuvirudisha kamwe. Chiriku alijifunza kwamba maneno aliyoyatoa kwa dakika mbili yalimgharimu wiki nzima ya miguu, na bado hakuyafikia yote.

Alhamisi Mrefu aliingia kwenye usaili, na mwezi uliofuata alianza kazi ya kupima maji vijijini.

Miezi minane baadaye ulitangazwa mtihani mwingine. Safari hii daftari la Chiriku lilijaa kanuni za utumishi. Waliuliza na kujibu kila asubuhi, na Dada alipokosea walirudia swali lilelile kesho yake. Siku ya mtihani Dada alirudi amekwajuka.

"Ulikuwa mgumu ajabu," alisema. "Watu wametoka ukumbini wakilia."

Matokeo yalipokuja, Chiriku alisoma ujumbe juu ya bega la dada yake. Sitini na sita. Moyo ulimwanguka. Baada ya jasho lote lile, alikuwa ameshuka! Alifungua mdomo kusema, kisha akaufunga kwa kiganja cha mkono.

"Sema tu," Dada alimwambia.

"Sina la kusema. Sijui wenzako wamepata ngapi. Sijui nafasi ni ngapi."

Dada alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, akamvuta kifuani.

Wiki mbili nzima mtaa haukupata habari yoyote kutoka kwa Chiriku. Orodha ilipobandikwa, walisoma kwanza kichwa cha karatasi: *Maabara ya Hospitali.* Kisha wakasoma chini: *Alama ya mchujo: 63.* Namba ya Dada ilikuwa ya tisa kutoka juu. Mtihani ulikuwa umewashusha wote, naye alikuwa ameshuka kidogo kuliko wengi.

Hata hapo Chiriku hakusema kitu mtaani. Usaili ulifanyika, siku zikapita, kisha barua ya ajira ikaja, yenye muhuri. Dada aliisoma kwa sauti. Mama, aliyekuwa bado amevaa vazi la kazini, alikaa chini akajifunika uso kwa mikono miwili, na walimwacha alie mpaka akamaliza.

"Mama," Chiriku aliuliza, akijipinda kwenye kiti, "sasa naweza kusema?"

Mama alijifuta macho, akamwita karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Mwaka jana ulisikia sabini na moja, ukasema kazi imepatikana. Ukasikia sitini na nane, ukasema mtu ameiba. Namba zote mbili zilikuwa za kweli. Wewe ndiye hukujua zina maana gani, na badala ya kuuliza, ukajaza pengo kwa maneno yako. Dada yako naye alisoma anachokipenda akaacha kinachomchosha. Kila mmoja wenu alikosea kwa njia yake, na kila mmoja alirudi akatengeneza. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko hata hii barua. Usilolijua, liulize kwanza. Ukishalijua, liseme bila kuogopa."

"Hili nalijua. Nimesoma barua mpaka muhuri."

"Basi nenda."

Chiriku alitoka mbio. Hakuanzia kwa msusi wala dukani. Alikwenda mpaka kwenye kibanda cha fundi, akasimama kizingitini akihema, na kungoja cherehani imalize mshono wake.

"Mama Fundi," alisema, "nimekuletea habari. Nimetaka uwe wa kwanza kuisikia."